Pikipiki ya Mgebuka Yarudi Rusimbi

Mlio ule ulikuwa mlangoni sasa.

Msomaji aliyetufuata tangu msiba ulipoingia nyumba hii ya Rusimbi anajua nazungumzia mlio gani. Aliyejiunga leo nitamweleza upesi, maana watu wote uani wamesimama na mimi siwezi kuwaacha wamesimama. Leonardi, dereva wa bodaboda ambaye Kigoma mpaka Ujiji walimwita Mgebuka, jina la samaki wa ziwani, kwa vile hakujua kutulia, alikufa kwenye mteremko wa Katonga. Pikipiki yake ikapotea siku hiyohiyo. Watu wakasema ni wezi. Leo ni arobaini yake. Misa imekwisha, chakula kimeliwa, na wenzake wa kijiweni walikuwa wakimsimulia mjane wake, Skolastika, vituko vya marehemu, ndipo kutoka barabarani ukasikika mngurumo wa ekzosi iliyotobolewa.

Ekzosi iliyolia vile Kigoma ilikuwa moja tu.

"Mana yanje, Mungu wangu," alinong'ona mama mzazi wa marehemu. "Ni mwanangu."

Pikipiki nyekundu ikaingia uani. Tangi lilikuwa limenyooshwa na kupakwa rangi mpya, lakini jina lilikuwa palepale kwenye madigadi ya nyuma: MGEBUKA. Dereva akazima, akateremka, akavua helmeti.

Alikuwa mwanamke.

Uani watu walishusha pumzi. Skolastika hakushusha. Mzimu wa mumewe angeupokea, hata angeukaribisha kiti. Lakini huyu hakuwa mzimu. Huyu alikuwa na mashavu, na nywele zilizosukwa vizuri, na alikuwa ameegemea pikipiki ile kama mtu anayeegemea mlango wa kwao.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Inamahoro. Shikamoo, Mama. Pole sana, dada."

"Sikukuuliza jina. Nimekuuliza wewe ni nani."

Mgeni akaishika helmeti kwa mikono miwili. "Nabeba dagaa. Natoa Katonga, napeleka sokoni. Nimewaletea pikipiki yenu."

"Uliyoiiba."

"Sikuiba, dada."

Dismasi, mwenyekiti wa kijiwe, mtu mzima mwenye kitambi na sauti ya kutuliza ugomvi, akainuka kwenye benchi. Alikusudia mema. Wanaume wengi wakikusudia mema ndipo wanapoharibu.

"Shemeji, tulia kwanza. Huyu ni Ina. Tunamfahamu."

Skolastika akageuka polepole.

"Nyie na nani mnamfahamu?"

Skolastika akalitazama benchi zima la madereva. Mmoja alikuwa anaangalia kucha zake. Mwingine ghafla aliona kuna kitu kimenata kwenye kiatu. Hakukuwa na hata mmoja aliyeshangaa kumwona mwanamke huyu. Ndicho kilichomchoma. Uani palikuwa na watu wa aina mbili, waliomjua Inamahoro, na yeye Skolastika asiyemjua.

"Oswald," akaita. "Wewe je?"

Oswald alikuwa fundi wa pikipiki, mkimya, mikono yake haikutoka grisi hata siku ya misa. "Mimi nilinyoosha tangi tu, shemeji."

"Kwa hiyo ilikuwa kwako."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Oswald, nilikuja gereji kwako kuulizia. Nilikaa kwenye benchi lako nikalia mpaka ukaninunulia soda. Pikipiki ilikuwa wapi nilipokuwa nalia?"

Fundi alitazama chini. "Nyuma yako. Chini ya turubai."

Mtu mmoja kwenye jamvi la akina mama akaguna. Oswald akajitetea haraka, maneno yakigongana. "Ina ndiye aliyeileta. Akasema aliikuta imelala pale wavuvi walipomnyanyua Mgebuka, akaiondoa isiibwe. Akaomba niitengeneze, akulete… akuletee mwenyewe ikiwa nzima. Nikaona ni jambo jema, shemeji. Ilikuwa imepondeka. Nani angetaka kukuonyesha ile?"

Mama wa marehemu alikuwa amechoka na maneno ya kuzunguka. Akasogea hadi karibu na mgeni, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga.

"Mwanangu, mimi ni mzee, usinifiche. Ulikuwa mwanamke wake?"

"Hapana, Mama. Haki ya Mungu, hapana. Alinifundisha kuendesha. Basi."

Akina mama walipumua. Dismasi akapangusa jasho, akatabasamu akijua mvua imepita. Na wewe msomaji pengine umeketi vizuri ukisema ahaa, afadhali.

Skolastika hakuona afadhali yoyote.

Kama angeambiwa ni hawara, angejua la kufanya. Angelia, angetukana, angevua kitenge cha msiba akakichoma. Mahawara wamezoeleka, kuna maneno yao na kuna mashoga wa kukusaidia kuwatukana. Lakini kuendesha? Kitu hicho alikiomba yeye. Alikiomba tangu wiki waliyooana. Alikiomba kwa mzaha, akakiomba kwa kununa, akakiomba usiku akiwa amelalia mkono wake. Alishona nguo sokoni Mwanga, alitaka kujiendesha mwenyewe kwenda na kurudi. Jibu la Leonardi halikubadilika: "Wewe kaa nyuma, Skola. Mimi nipo wa nini?"

"Alikufundisha," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ndiyo, dada."

"Wapi?"

"Ufukweni Katonga. Kwenye mchanga mgumu, pale wanapoanika dagaa."

"Alikufundishaje?"

Inamahoro akasita. "Alikuwa anakimbia pembeni ameshika siti, anapiga kelele. Klachi! Klachi, wewe mwanamke! Nikianguka anakaa chini kwanza acheke, ndipo anainua pikipiki. Mimi ananiacha nijiinue."

Benchi la madereva likacheka. Hawakuweza kujizuia. Walikuwa wanamwona kabisa, Mgebuka, amekaa chini kwenye dagaa za watu, anacheka huku wenye dagaa wanamtukana.

Skolastika hakumwona. Alijaribu, hakumwona. Leonardi aliyekuwa akimjua yeye aliingia ndani amechoka, akavua viatu mlangoni, akala, akalala katikati ya sentensi.

Dismasi, kwa kuona watu wamecheka, akafikiri ndiyo njia ya kutokea. Akapiga makofi.

"Jamani, arobaini si ya kununa! Ina, unakumbuka ya Kagunga? Shemeji, hii hatukuwahi kukusimulia. Mgebuka alibishana na wavuvi kwamba anaweza kupanda na pikipiki juu ya ubao mpaka ndani ya boti. Ubao wenyewe mwembamba hivi! Akarudi nyuma, akavuta mafuta, vuu! Akaingia botini kweli. Sasa nahodha kwa hasira akasema, kwa vile umepanda, utakwenda. Akawasha mashine! Boti ikaondoka naye mpaka Kagunga, karibu kabisa na Burundi, amekaa juu ya pikipiki yake anatupungia mkono kama mkuu wa mkoa. Alirudi kesho yake, anaimba."

Uani pote vicheko. Hata mama wa marehemu alifunika mdomo kwa kanga, mabega yakitikisika.

"Ilikuwa lini?" Skolastika aliuliza.

"Ah, shemeji, ni kipindi kile cha… mlipokuwa mmehamia hapa Rusimbi."

"Siku hiyo hakulala nyumbani. Aliniambia alipata pancha Kasulu."

Vicheko vikafa.

"Nilikuwa na malaria. Alirudi asubuhi amebeba panadol na maandazi, akaniambia pole mke wangu, pancha mbaya sana, nimelala barabarani. Nikamwonea huruma. Nikaamka na homa yangu nikamchemshia maji ya kuoga." Akawatazama mmoja mmoja. "Kwa nini hakunisimulia? Mimi sijui kucheka?"

Madereva wakarudi kuangalia viatu vyao.

"Alisimama juu ya siti amekunjua mikono njia ya Kibirizi, mmesema leo. Sikuijua. Alishindana na treni inatoka stesheni. Sikuijua. Alimvalisha mbuzi koti la mvua na helmeti akapita naye pale trafiki. Sikuijua! Mimi alinipakia kama trei ya mayai. Polepole, Skola asitikisike. Kila shimo anasimama. Nikimwambia ongeza mwendo kidogo nione, anasema hapana. Nyie mmekula mnofu wa mume wangu, mimi nikaletewa miiba. Na leo mmekuja kunisimulia utamu wake!"

Dismasi akakaa. Oswald alitamani turubai lake.

Aliyejibu ni Inamahoro.

"Dada, mwenye wivu alikuwa ni mimi."

"Nyamaza."

"Sinyamazi, nimekuja kusema. Nilimpenda. Mama, samahani, lakini nilimpenda, na yeye hakunipenda. Alinifundisha kwa sababu nilikuwa nabeba ndoo za dagaa kichwani kila siku mpaka shingo imekaza, akanihurumia. Anamhurumia kila mtu. Tukiwa katikati ya kucheka, jua likianza kushuka tu, anageuka mtu mwingine. Nimechelewa, Skola yuko peke yake. Anaondoka hapo hapo. Hata kwaheri ananipigia kwa honi. Mimi nabaki na mchanga mdomoni. Nilikuwa nakuchukia, na sijawahi kukuona. Nikamwuliza siku moja, mkeo kwa nini humfundishi? Akasema, yule hatakiwi kuvunjika."

"Nani alimwuliza?"

"Nini, dada?"

"Nani alimwambia sitaki kuvunjika?"

Skolastika akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akakaza fundo. Akavua kandambili akavaa viatu vya mtu vilivyokuwa mlangoni. Akaishika pikipiki kwenye usukani na kuitoa kwenye stendi.

"Nifundishe," akasema.

"Skola!" Mama mkwe aliruka kutoka jamvini. "Mwanangu, siku ya arobaini ya mumeo? Watu watasemaje?"

"Waseme, Mama. Wao wana mengi ya kusema. Mimi ndiye sina hata moja."

Aliisukuma mpaka kwenye kiwanja cha mpira kilicho mbele ya nyumba. Uani pote wakamfuata, wengine na sahani mkononi. Inamahoro akaja nyuma, hatua zake nzito, uso wake hauna raha.

"Hii klachi."

"Naijua. Nilikuwa nakaa nyuma sikuwa nimelala."

"Basi ibane. Gia ya kwanza chini. Mafuta kidogo. Achia klachi taratibu, dada, taratibu…"

Pikipiki iliruka kama mbuzi, ikazima. Skolastika akapiga kiki, ikawaka. Ikaruka tena, ikazima. Madereva kwenye mstari wa goli wakawa wanapunga mikono, kila mmoja fundi, kila mmoja na lake. Safari iliyofuata ilikwenda. Ilikwenda yumbayumba mpaka katikati ya uwanja, kitenge kikipepea, na Inamahoro akikimbia pembeni ameshika siti.

"Klachi! Klachi, dada!"

Skolastika akabana breki badala ya klachi. Akaanguka, pikipiki kule, yeye huku, kifudifudi kwenye vumbi la Rusimbi.

Wanawake wakapiga mayowe. Oswald akaanza kukimbia.

Skolastika akakaa. Goti lilikuwa limechunika. Alilitazama goti, akaitazama pikipiki iliyokuwa inazungusha tairi hewani, kisha kitu kikampanda kutoka tumboni akashindwa kukirudisha. Akacheka. Alicheka mpaka machozi, amekaa vumbini siku ya arobaini ya mumewe, na kwenye mstari wa goli kina Dismasi waliokuwa wameshtuka nao wakaanza. Kwa mara ya kwanza tangu azike, alikuwa mahali ambapo Leonardi alikuwepo.

"Kumbe ni hivi," alisema. "Kumbe alikuwa ananinyima hiki, mwizi yule!"

Akajiinua bila kusaidiwa. Akapanda tena. Safari hii aliizungusha pikipiki kiwanja kizima, akapita nyuma ya goli la kwanza, akapita mbele ya madereva waliokuwa wakimshangilia kwa majina aliyokuwa akishangiliwa mumewe, akakata kona ya pili karibu aanguke, hakuanguka. Akaja kusimama mbele ya Inamahoro. Alikuwa anahema. Macho yalikuwa yanawaka. Wivu wote ulikuwa umemtoka usoni, na kama hadithi ingekuwa mali yangu peke yangu, ningeifunga hapo na kuwapeleka wote wakanywe chai.

Lakini Inamahoro alikuwa analia.

"Una nini tena?" Skolastika aliuliza. "Lia baadaye. Nionyeshe gia ya pili."

"Usicheke hivyo, dada. Unacheka kama yeye."

"Nicheke vipi?"

"Shuka kwanza. Shuka nikuambie kitu."

"Niambie nikiwa hapahapa."

Madereva walikuwa mbali, wamekwisha kuanza kubishana ni nani kati yao angekuwa mwalimu bora. Hapo katikati palikuwa na wanawake wawili na injini iliyowaka.

"Siku ile," Inamahoro alisema, "hakuwa mbele."

Skolastika hakuelewa. "Hakuwa mbele ya nini?"

"Ya pikipiki. Hakuwa anaendesha."

Injini ikanguruma. Mkono wa Skolastika ulikuwa umejikaza kwenye mafuta bila yeye kujua.

"Nilimwambia nataka kuteremka mteremko wa Katonga mwenyewe, kama anavyoteremka yeye. Akasema bado, Ina, ule si wa kuchezea. Nikamwambia…" Alishindwa, akajaribu tena. "Nikamwambia, unaniogopea mimi kama mkeo? Nilisema kwa wivu, dada. Nilitaka aseme ndiyo. Akacheka tu. Akasema haya, akahamia nyuma, akanipa helmeti yake."

"Endelea."

"Kona ya chini ina changarawe. Nilikamata breki ya mbele. Mimi niliangukia nyasini, yeye barabarani. Nilipoinuka niliona wavuvi wanapanda mbio kutoka ufukweni, nikaogopa, nikaingia vichakani na pikipiki. Hakuna aliyeniona. Wote mkasema Mgebuka kaanguka kwa mbwembwe zake. Mmesimulia hivyo leo mchana kutwa, na mimi nilisimama nje ya ukuta nawasikia kabla sijaiwasha na kuingia. Hakuanguka yeye. Hakuanguka hata siku moja."

Skolastika alipouliza, hakuuliza nililodhani atauliza.

"Alikuwa anacheka? Mlipokuwa mnateremka?"

Inamahoro akafunga macho. "Mpaka kwenye kona."

Basi hata hicho. Hata pumzi za mwisho za kicheko cha mumewe zilikwenda kwenye shingo ya mwanamke huyu. Wivu uliokuwa umetoka ukarudi, na safari hii haukurudi na kelele. Ulirudi baridi, ukakaa.

Pikipiki ilikuwa kwenye gia. Inamahoro alikuwa amesimama mbele ya tairi, na hakusogea. Alikuwa kama mtu aliyeleta shingo yake mwenyewe.

"Toka hapo mbele," Skolastika akasema.

Akatoka.

"Panda."

"Dada?"

"Panda nyuma. Twende Katonga, ukanionyeshe."

Kule golini Dismasi alinyamaza katikati ya ubishi. Aliona kitu kwenye migongo ya wale wanawake ambacho hakukipenda. Akaanza kukimbia, kitambi na yote. "Shemeji! Zima, shemeji! Oswald, wasimamishe!"

Inamahoro alimtazama Dismasi anavyokuja. Angeweza kungoja. Angeweza kupiga kelele. Akapandisha gauni lake, akakaa nyuma, mahali palepale alipokaa Leonardi.

"Dada," alisema kwa upole sikioni mwa Skolastika. "Hujui kuteremka."

Skolastika aliachia klachi.

"Hata wewe hukujua."